Mnyama Ndani ya Ua: Je, Kumpiga Risasi ni Uwindaji?

SOMO KWA WAKAZI: WANYAMAPORI NA ARDHI YA KIBINAFSI

Mkazi anayepita Barabara ya Banda, katikati ya jiji la Nairobi, huziona sanamu mbili za simba kwenye ngazi za Maktaba ya McMillan. Maktaba hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1931 kwa ukumbusho wa William Northrup McMillan, mlowezi aliyekuwa na shamba kubwa la Juja. Mwaka wa 1909 McMillan alimkaribisha shambani humo Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani. Katika safari yao iliyoanzia Mombasa na kuishia Khartoum, Roosevelt na mwanawe Kermit waliua wanyama wakubwa zaidi ya 500.

Nairobi ilikuwa kitovu cha biashara hiyo. Hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa mwaka wa 1904, ilikuwa mahali pa kuanzia misafara ya wawindaji matajiri. Hapo ndipo chama cha wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka wa 1934. Leo biashara hiyo imekufa nchini Kenya, lakini swali lake halijafa. Je, mwenye ardhi anaweza kuweka ua mrefu, akafuga swala au paa ndani yake, kisha akamtoza mgeni pesa ili ampige mmoja risasi?

Somo hili linaeleza uwindaji wa aina hiyo unavyofanyika kwingineko, historia ya jambo hili hapa kwetu, sheria inavyosema, na maswali ya haki ambayo kila mkazi anaweza kujiuliza. Mwishoni kuna visa vya kujadiliwa katika mabaraza, shuleni na katika vikundi vya mitaa.

1. Uwindaji wa ndani ya ua ni nini?

Katika jimbo la Texas, Marekani, sehemu kubwa sana ya ardhi ni ya watu binafsi. Baadhi ya wenye mashamba huzungusha ua wa waya wenye urefu wa karibu mita mbili na nusu, ambao kulungu hawezi kuuruka. Ndani yake hufugwa kulungu waliochaguliwa kwa ukubwa wa pembe zao. Mteja hulipa, hupelekwa mahali pa kujificha karibu na chakula alichozoea mnyama, na huondoka na pembe. Bei mara nyingi hutegemea ukubwa wa pembe hizo.

Afrika Kusini nayo ina mashamba mengi ya aina hiyo. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka wa 1991 humruhusu mwenye shamba lenye ua wa kutosha kuwahesabu wanyama walio ndani kuwa mali yake. Sheria hiyo imewavutia wakulima wengi kufuga wanyamapori badala ya ng'ombe, na watetezi wake husema idadi ya wanyama iliongezeka kwa sababu hiyo. Lakini ilileta pia aibu: simba waliolelewa kwa mkono tangu wakiwa wadogo, wakapigwa risasi ndani ya nyua na wageni waliolipa. Picha za jambo hilo zilipoonyeshwa kwenye televisheni ya Uingereza mwaka wa 1997, watu wengi duniani walikasirika. Mwaka wa 2021, jopo la wataalamu lililoundwa na serikali ya Afrika Kusini lilishauri kwamba ufugaji wa simba kwa biashara ya aina hiyo ukomeshwe.

Wawindaji wenyewe hawakubaliani juu ya jambo hili. Roosevelt alikuwa mmoja wa waanzilishi wa klabu ya Boone and Crockett mwaka wa 1887. Klabu hiyo hufundisha kwamba mwindaji lazima ampe mnyama nafasi ya kweli ya kutoroka, na haimweki katika kumbukumbu zake mnyama aliyeuawa ndani ya ua asioweza kuutoka. Kwa hiyo hata miongoni mwa wanaopenda kuwinda, wapo wanaosema kwamba ua hubadilisha tendo lenyewe.

2. Historia yetu

Wakati wa ukoloni, sheria iligawanya wawindaji katika makundi mawili. Mgeni mwenye leseni na bunduki aliitwa mwanamichezo. Mkamba au Mwaata aliyewinda kwa upinde na mshale ili kulisha watoto wake, kama babu zake walivyofanya, aliitwa jangili na kufungwa. Kumbukumbu hiyo bado ina uchungu, na ndiyo sababu mjadala wa uwindaji nchini Kenya hauhusu wanyama peke yao. Unahusu pia nani anaruhusiwa kufanya nini, na kwa nini.

Baada ya Uhuru uwindaji wa leseni uliendelea. Ujangili wa pembe za ndovu ulipozidi, kuwinda ndovu kulipigwa marufuku mwaka wa 1973. Mwezi wa Mei 1977, serikali ilipiga marufuku uwindaji wote wa michezo. Mwaka uliofuata biashara ya ngozi, pembe na mapambo ya wanyama ilifungwa pia.

Hata hivyo, mlango mmoja ulibaki wazi kidogo. Karibu na Mto Athi, kusini-mashariki mwa Nairobi, kulikuwa na shamba la kibinafsi la takriban ekari 20,000 lililozungushiwa ua. Mwenye shamba alitaka kuthibitisha kwamba swala, kongoni na nyumbu wanaweza kutoa nyama kwa faida bila kuharibu nyasi kama ng'ombe wanavyoweza kufanya. Kuanzia miaka ya 1980, kwa kibali maalum, wanyama wa shamba hilo walivunwa kwa ajili ya nyama. Hapakuwa na mgeni wa kulipia raha ya kupiga risasi. Mpigaji stadi alifanya kazi usiku kwa taa kali, akilenga kichwa, kisha nyama ilikaguliwa na kuuzwa. Katika miaka ya 1990, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) liliruhusu majaribio kama hayo katika maeneo mengine, yakiwemo Laikipia na Nakuru.

Wakazi wengi wa Nairobi wanaikumbuka nyama hiyo. Mkahawa wa Carnivore huko Lang'ata, uliofunguliwa mwaka wa 1980, ulijulikana kote duniani kwa nyama choma ya punda milia, kongoni na pofu. Majaribio yalisimamishwa mwaka wa 2003, kwa sababu usimamizi ulikuwa dhaifu na ilikuwa vigumu kutofautisha nyama halali na ya wizi ikishafika sokoni. Tangu hapo mgeni wa mkahawa huo hupata nyama ya mbuni na mamba wa kufugwa, lakini si ya punda milia.

Mjadala ulirudi bungeni. Mwishoni mwa mwaka wa 2004, Bunge lilipitisha mswada wa kubadilisha sheria ya wanyamapori, ambao wapinzani wake walisema ungefungua tena njia ya uwindaji. Rais Mwai Kibaki alikataa kuutia sahihi. Mwaka wa 2018 wizara husika iliunda jopo la kuchunguza kama matumizi ya nyama na ngozi za wanyamapori yarudishwe. Kwa hiyo swali hili huja na kuondoka, na huenda likarudi tena.

3. Sheria inasema nini leo?

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 ndiyo inayotumika. Mambo manne yanamhusu mkazi moja kwa moja.

Kwanza, uwindaji wa michezo ni kosa, na adhabu yake ni nzito. Kuwinda kwa ajili ya chakula ni kosa, na kuuza au kununua nyamapori ni kosa pia.

Pili, kuwa na hatimiliki ya ardhi si kuwa na hatimiliki ya mnyama. Pongo aliyeingia katika boma la mtu huko Karen, au digidigi aliyezaliwa kwenye kichaka cha shamba lake, hajawa mali yake kwa sababu ya ua. Huu ndio msingi unaotofautisha Kenya na Afrika Kusini au Texas.

Tatu, mwenye ardhi ana haki ya kuhifadhi wanyamapori kama njia halali ya kutumia ardhi yake, kwa mfano kwa utalii. Matumizi mengine, kama ufugaji wa mbuni au mamba, yanahitaji leseni.

Nne, mtu akiuawa au kujeruhiwa na baadhi ya wanyamapori waliotajwa katika sheria, familia inaweza kudai fidia. Kwa kifo, sheria iliweka fidia ya shilingi milioni 5. Madai hupitia kamati ya wanyamapori ya kaunti.

Ni vyema pia kujua nani anafanya kazi gani. Chini ya Katiba ya 2010, ulinzi wa wanyamapori ni jukumu la serikali ya kitaifa kupitia KWS. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limezipa serikali za kaunti majukumu ya vichinjio, udhibiti na ustawi wa wanyama, na utoaji wa leseni za mbwa. Majukumu haya yanaonekana madogo, lakini somo hili litaonyesha yanavyogusa kiini cha swali.

4. Hoja za pande mbili

Wanaounga mkono uwindaji wa ndani ya ua wana hoja ambazo hazifai kudharauliwa.

Wanasema mnyama asiye na faida kwa mwenye ardhi hatadumu. Mwaka wa 2016, watafiti waliolinganisha hesabu za wanyama zilizofanywa kutoka angani katika nyanda za malisho za Kenya walionyesha kwamba idadi yao ilipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu mwaka wa 1977, yaani mwaka ule ule wa marufuku. Marufuku peke yake hayakuwaokoa. Wanasema pia kwamba swala aliyeishi kwenye nyasi na kufa kwa risasi moja ameishi vizuri kuliko kuku wa kizimbani au ng'ombe aliyesafirishwa kwa lori siku mbili. Na wanauliza: kama kula mbuzi si dhambi, kwa nini kula swala wa shambani kuwe dhambi?

Wanaopinga nao wana majibu. Idadi ya wanyama ilipungua kwa sababu nyingi: watu na mifugo kuongezeka, mashamba, nyumba, ujangili, na nyua zenyewe. Ushahidi uko karibu na jiji. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1946 na yenye ukubwa wa kilomita mraba 117, ina ua upande wa kaskazini, mashariki na magharibi. Upande wa kusini umeachwa wazi ng'ambo ya Mto Mbagathi ili wanyama wavuke kwenda tambarare za Kitengela na Kaputiei. Nyumbu waliokuwa wakihama huko kwa maelfu wamepungua vibaya kadiri ardhi ilivyogawanywa na kuzungushiwa seng'enge. Ndiyo maana, kuanzia mwaka wa 2000, mpango wa kukodi ardhi Kitengela uliwalipa wafugaji kiasi cha shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua. Hapo faida ilitokana na kuacha ardhi wazi, na hakuna mnyama aliyepigwa risasi.

Kuna pia hatari ya magonjwa. Huko Marekani, ugonjwa wa kukondesha unaoshambulia ubongo wa kulungu ulitambuliwa kwanza katika kulungu waliofungiwa huko Colorado mwaka wa 1967, na kuhamisha kulungu kati ya mashamba kumehusishwa na kuenea kwake. Wanyama wakibanwa pamoja na kulishwa mahali pamoja, ugonjwa hupata njia rahisi.

Mwisho kuna hoja ya usimamizi. Uzoefu wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba nyama halali ikiwa sokoni, nyama ya mtego hujificha nyuma yake. Mnunuzi aliye mezani hawezi kujua kongoni huyu alitoka kwa mwenye kibali au kwa mwenye waya.

5. Ua unabadilisha nini?

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Wanaotetea uwindaji wa ndani ya ua huazima hoja kutoka mahali pawili. Wakiulizwa kuhusu mateso, hujibu kwamba ni kama kuchinja mbuzi. Wakiulizwa kwa nini mteja analipa pesa nyingi hivyo, hujibu kwamba analipia uwindaji. Majibu haya mawili hayawezi kukaa pamoja.

Uwindaji una sharti moja: mnyama anaweza kushinda. Anaweza kumsikia mwindaji, kumnusa, kukimbia na kupotea. Ndiyo maana hata kanuni za zamani za uwindaji nchini zilikataza kupiga risasi kutoka ndani ya gari. Ua usioweza kurukwa ukiondoa nafasi hiyo, kinachobaki ni uchinjaji.

Na uchinjaji una kanuni zake, tena kali. Katika kichinjio, kazi hufanywa na mtu aliyefundishwa. Mnyama hukaguliwa kabla na baada ya kufa. Mateso yanatakiwa yapunguzwe. Hakuna anayelipwa kumwachia mgeni asiye na ujuzi achinje ng'ombe kwa ajili ya picha. Iwapo jambo hilo lingetokea katika kichinjio chochote cha kaunti, wakazi wangelalamika, na wangekuwa na haki. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, haimwachi mtu amtese mnyama kwa sababu tu yuko ndani ya boma lake.

Wazo hili si geni kwa jamii zetu. Katika mafundisho ya Kiislamu, mnyama aliye chini ya uwezo wa mtu hutakiwa kuchinjwa kwa utaratibu. Ruhusa ya kumpiga akiwa mbali ni ya yule asiyeweza kushikwa. Methali nayo husema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mnyama aliyefungiwa ni mnyonge. Haki yake ya kwanza ni kutofanywa mchezo.

Kwa hiyo uamuzi unakuwa rahisi zaidi kuupima. Kupiga risasi ndani ya ua kwa ajili ya raha hakupiti kipimo cha uwindaji wala cha uchinjaji. Kuvuna wanyama kwa ajili ya nyama, kwa mpigaji stadi na ukaguzi, ni swali tofauti. Hilo linaweza kutetewa kwa haki ya mnyama, lakini lazima lijibu kuhusu soko, magonjwa, na nani anapata faida. Watu wenye nia njema hutofautiana juu yake, na sheria kwa sasa imelifunga.

6. Jambo hili linafika vipi mtaani?

Mkazi wa Westlands au Kangemi anaweza kusema kwamba hana shamba wala bunduki. Lakini kuna mambo matatu yaliyo karibu naye.

Mbwa. Viunga vya magharibi bado vina pongo, digidigi na ngiri. Mbwa watatu wakimfukuza digidigi ndani ya boma lenye ukuta, mnyama huyo hana pa kwenda, sawa na kulungu wa Texas. Mwenye mbwa ana wajibu wa kuwadhibiti, kuwapatia chanjo ya kichaa cha mbwa na kuwalipia leseni ya kaunti.

Mitego. Waya uliofungwa kwenye pengo la ua au kwenye njia ya msituni huua polepole, na hauchagui. Msitu wa Barabara ya Ngong na kingo za mbuga ni mahali ambapo mkazi anaweza kuikuta. Anayeuona mtego asiuguse kwa mkono mtupu wala kumkaribia mnyama aliyenaswa. Aripoti kwa KWS, kwa chifu au kituo cha polisi.

Nyama. Nyamapori huuzwa kwa siri, mara nyingine ikichanganywa na nyama ya mbuzi au ng'ombe. Haijakaguliwa, na inaweza kubeba kimeta au homa ya Bonde la Ufa. Mnunuzi ana haki ya kuona muhuri wa mkaguzi kwenye mzoga. Bei ya chini kupita kiasi, nyama iliyokwisha kutolewa mifupa yote, au muuzaji asiye na duka ni dalili za kutosha za kuondoka.

7. Visa vya kujadili

Kisa cha kwanza. Mkazi wa Karen ana ekari tano zenye ua. Pongo wawili wamenaswa ndani tangu ua ulipokamilika, nao wanakula mboga zake. Anasema: "Ardhi ni yangu, ua ni wangu, na pongo ni wangu." Amekosea wapi? Afanye nini kabla ya kuziba pengo la mwisho la ua?

Kisa cha pili. Kijana mmoja anamwambia mama yake kwamba amepata nyama ya swala kwa bei nusu, na kwamba swala huyo "alikuwa ameshakufa hata hivyo." Mama amjibu nini? Je, jibu lingebadilika kama familia haikuwa na chakula?

Kisa cha tatu. Mwekezaji anataka kufungua shamba lenye ua ambapo wageni wa kigeni watapiga swala risasi. Anaahidi kazi kwa vijana 50 na sehemu ya faida kwa shule. Kikundi kijiulize maswali matano: Je, mnyama ana nafasi ya kutoroka? Je, anayepiga ana ujuzi wa kutosha kuua mara moja? Je, kuna haja, au ni raha tu? Ua utawafanyia nini majirani na wanyama wanaohama? Faida itamfikia nani, na nani atakagua?

Kisa cha nne. Mzee mmoja anasema babu yake alifungwa na serikali ya mkoloni kwa kuua paa mmoja, ilhali wageni waliua mamia. Anauliza kwa nini aheshimu sheria ya leo. Kikundi kitafute jibu ambalo halidharau uchungu wake.

Walimu wanaotumia somo hili wanaweza kuwapeleka wanafunzi kwenye Maktaba ya McMillan, wasimame kati ya simba wale wawili, kisha waulizwe swali moja kabla ya kurudi shuleni: mnyama huyu anaheshimiwa zaidi akiwa wapi, kwenye ngazi, ukutani, ndani ya ua, au kule anakoweza kukimbia?